Jua Lilipobonyeza Kengele

Watu wengi walimjua kwa jina la Mita, na wengi zaidi walimjua kwa mgongo. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji. Aliingia ua baada ya ua, akainama, akafuta vumbi kwenye kioo kwa kidole gumba, akaandika tarakimu, akatoka. Hakuna anayemkaribisha msoma mita. Mbwa walimbwekea bila kuambiwa, watoto walikimbilia ndani kutangaza kwamba amekuja yule, na wenye nyumba waliokuwa wakibishana kwa sauti walinyamaza mpaka afunge geti nyuma yake. Miaka ikamfundisha kutembea ndani ya maisha ya watu bila kuacha alama, kama mtu anayepita chumba chenye mgonjwa aliyelala.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa tofauti sana. Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake. Upande mkubwa alikaa shemeji yake, mjane wa kaka yake, pamoja na mama mzazi wa Mita. Yeye alikaa chumba cha uani, ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo. Hakuwahi kuoa. Aliwahi kuposa, posa ikarudi, naye akawa kama mtu aliyegonga mlango mmoja, akaona mji mzima umelala. Kaka yake alipokuwa hai, Mita alikula meza moja nao kila siku, wakicheka mpaka mama awaambie wanyamaze, majirani wanataka kulala. Kaka alipofariki hakuna aliyemfukuza mezani. Miguu tu ndiyo iliyoanza kuona haya. Mjane upande huu, mwanamume asiye na mke upande ule, na ua mmoja katikati: majirani wana macho, tena wana midomo. Basi kila jioni alivuka ua, akasimama mlangoni mkono ukiwa kwenye fremu, akamwamkia mama, akauliza kama kuna linalohitajika. Akiambiwa hakuna, alirudi.

Kilichompokea chumbani kilikuwa meza. Juu yake palikuwa na chaja zilizokufa, redio zisizo na matumbo, vikasha vya vidude vya rangi rangi alivyovitoa kwenye vyombo walivyotupa watu. Aliketi na chuma cha kulehemu, moshi mwembamba ukimpanda puani, akatengeneza vitu ambavyo hakuna aliyemwomba: taa inayojiwasha giza likiingia, kidude kinacholia tangi likijaa. Mikono yake, iliyokuwa na aibu ya kushika mkono wa mtu, haikuwa na aibu ya kushika waya.

Kidude kimoja kati ya hivyo ndicho kilichomharibia jina. Alitaka pampu ya uani ijiwashe yenyewe maji yakipungua. Ili asihangaike kutafuta umeme mdogo wa kuendeshea akili ya kidude, aliuchota kwenye redio ya shemeji iliyokuwa dirishani kwa waya mmoja tu, mwembamba. Siku ya kwanza pampu ilijiwasha, wote wakapiga makofi. Siku iliyofuata umeme mkubwa wa pampu ulipata njia kupitia waya ule mwembamba, ukaingia ndani ya redio. Moshi ulitoka kama mtu anayevuta pumzi ya mwisho. Ile ilikuwa redio ya kaka. Tangu alipofariki, shemeji hakuwahi kuusogeza mshale wake kutoka stesheni aliyoiacha yeye.

Shemeji hakugomba. Aliichukua redio, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka juu ya kabati. Ingekuwa afadhali kama angegomba.

Kisha mama akapooza. Mkono wa kushoto na mguu wake vikafa ganzi, na sauti, iliyokuwa ikisikika mpaka barabarani, ikabaki mnong'ono. Shemeji alikuwa fundi cherehani katika duka la sare za shule. Mama mdogo, ndugu yake mama, alikuja kukaa na mgonjwa mchana. Pengo lililobaki lilikuwa asubuhi na mapema, shemeji anapotoka kwenda kupanga foleni ya mkate na maziwa. Wakati huo mama alibaki peke yake, na mnong'ono wake haukuwa na uwezo wa kuvuka ua.

"Nitamtengenezea kengele," Mita alisema, akiwa palepale mlangoni.

Shemeji alikuwa akikunja shuka. Hakuinua uso. "Waya zako, shemeji, sizitaki humu ndani."

"Hazitafika kwa mama. Zitaishia dirishani."

"Hata redio uliniambia hivyo hivyo."

Mita alijua neno gani linafuata, ila hakujua namna ya kulisema bila kuonekana fundi wa maneno. "Safari hii hazigusani," alisema. "Upande wa mama ni betri ya tochi tu, ambayo haiwezi kumuumiza hata kuku. Upande wangu ndiyo kengele yenyewe, inakula umeme wa ukutani. Baina yao hakuna waya."

"Hakuna waya. Sasa habari itapita wapi?"

"Kwenye mwanga. Huku kuna taa ndogo, kule kuna jicho. Mama akibonyeza, taa inawaka. Jicho likiiona, linaiambia kengele ilie. Umeme wangu hauna njia ya kufika kwenye kidole chake."

"Na hilo jicho likisinzia?"

"Halina kope, shemeji."

Shemeji alicheka kwa pua, kicheko cha kushtukizwa, kisha akakirudisha haraka. Mita alikikumbuka kicheko kile usiku kucha.

Kesho yake alimletea kidude chenyewe kiganjani. Mafundi wanakiita opto: cheusi, kidogo kuliko jino, chenye miguu minne, miwili huku na miwili kule. Alikuwa amekitoa kwenye chaja iliyokufa, maana karibu kila chaja inacho kimoja tumboni, kinachozuia umeme wa ukutani usimfikie mwenye simu. Shemeji alikigeuza geuza kwa ncha ya sindano.

"Nitajuaje humu ndani hamna waya?"

"Kimefungwa kiwandani."

"Hata ile pampu ulisema imefungwa." Akamrudishia. "Kitu nisichokiona ndani sikiweki karibu na mama. Nisamehe."

Mtu mwingine angekasirika. Mita alirudi mezani akiwa na furaha ngeni, furaha ya mtu aliyeombwa kitu. Kama shemeji anataka kuona, ataona. Alitafuta kalamu ya plastiki inayopitisha mwanga, akatoa wino, akakata kipande cha mrija. Mwisho mmoja akaingiza taa ndogo nyekundu, mwisho wa pili jicho, vikatazamana kama watu wawili kwenye korido tupu. Katikati palibaki hewa. Alipompelekea, shemeji aliuinua mrija mbele ya taa, akafumba jicho moja kama anayetunga uzi. Akatoa futi yake ya kushonea, akapima lile pengo.

"Kweli hamna kitu."

"Hamna."

"Basi kiweke hapa." Akagonga kingo ya dirisha la chumba cha mama. "Hapa, nikione kila siku. Sio kukificha huko kwako."

Wakati anaufunga mrija pale dirishani, kitu kilimkuna Mita kichwani. Vile vidude vya kiwandani ni vyeusi, na weusi ule haukuwekwa kwa urembo. Lakini mvua ilikuwa ikinyesha, mbingu iko chini kama dari mbovu, na shemeji alikuwa amesimama karibu naye ameshika bisibisi. Wazo lile likapita.

Kengele ilifanya kazi vizuri mno. Mama alipewa kitufe, kikafungwa kwenye upande wa kitanda ambako mkono wake mzima ulifika. Alibonyeza kwa kucheza mara ya kwanza, na Mita alipotokea akitweta mama alicheka kwa nusu ya mdomo. "Mbona unakimbia kama unadaiwa?" alinong'ona. Majuma yote ya mvua aliitwa pale tu alipohitajika: mto umeteleza, koo limekauka, mguu umekaa vibaya. Alikwenda, akafanya, akarudi. Shemeji akiwa ndani, walipeana salamu juu ya kitanda.

Kisha mvua ikakatika.

Asubuhi ya kwanza ya jua, Mita alikuwa bado amejifunga taulo. Kengele ililia, sio kwa vipande kama mama alivyozoea kubonyeza, bali mfululizo. Alivaa suruali akiruka kwa mguu mmoja, akavuka ua, akagongana na shuka zilizoanikwa, akaingia bila kubisha. Mama alikuwa amelala, kinywa wazi, salama. Shemeji, aliyekuwa amesharudi na mkate, aligeuka kutoka jikoni na kijiko mkononi.

"Kuna nini?"

"Mama amepiga."

Mama akafumbua jicho. "Mimi?"

Walitazamana watatu. Shemeji akaanza kucheka, mama akafuata, na Mita, aliyefunga shati vifungo juu chini, akacheka pia, sauti yake ikimshangaza mwenyewe.

"Kengele yako ina njaa, shemeji," shemeji alisema. "Imenusa mkate. Kaa basi, unywe chai, usije ukasema nimekufukuza na mimi."

Alikaa. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, kile kinachochechemea. Na hapo alipokaa aliona dirisha. Jua lilikuwa limepata upenyo kati ya paa la jirani na ukuta, mstari mmoja wa mwanga, na mstari ule ulikuwa umelala juu ya mrija. Alielewa kila kitu kabla chai haijafika mdomoni. Jicho lisilo na kope lilikuwa linaliona jua, nalo halikujua tofauti ya jua na taa ndogo nyekundu. Kwalo, mwanga ni mwanga, na kila mwanga ni mama anaita. Kusingekuwa na mrija wa kuona ndani, kusingekuwa na dirisha, jambo hilo lisingetokea.

Dawa yake alikuwa nayo. Mfukoni mwa suruali, kama siku zote, kulikuwa na utepe mweusi wa umeme. Mizunguko michache juu ya mrija, basi.

"Labda amelalia kitufe," alisema, na akapokea kipande cha mkate.

Kesho yake jua lilibonyeza tena. Alivuka ua safari hii bila kukimbia sana. Keshokutwa shemeji alikuwa amekwisha toa kikombe cha pili. Mazungumzo yalirudi kidogo kidogo, kama maji kwenye bomba lililokauka, kwanza hewa, kisha matone. Shemeji alimsimulia mwalimu mkuu aliyerudisha suruali za shule nzima kwa sababu ya vifungo. Mita alimsimulia bibi mmoja aliyefunika mita yake kwa sufuria akidhani isipoonekana haisomeki. Mama alisikiliza, akitupa neno lake la mnong'ono pale ilipofaa. Siku moja wakamtaja kaka, na hakuna aliyenyamaza. Walicheka namna alivyokuwa akikoroma mpaka paka akahama.

"Kengele ya leo imechelewa," shemeji alisema asubuhi nyingine, akimimina. Hakuna aliyejua kama alikuwa anatania tu au alikuwa anajua. Mita hakuuliza. Kila siku aliuhisi utepe kwenye paja lake, mviringo mgumu kama sarafu ya uongo, na kila siku alijiambia kesho.

Kitu kimoja kilikuwa kinakera: kengele, ikishawashwa na jua, ililia bila kupumua mpaka ule mstari wa mwanga uhame. Akawa na mazoea. Ikilia, anaizima kwa swichi ya ukutani, anamaliza kunyoa, anapiga shati pasi, halafu anavuka ua taratibu akiwa nadhifu, kama mgeni aliyealikwa. Fundi aliyemo ndani yake alijua maana ya mazoea hayo. Kengele iliyokwisha lia kwa ajili ya jua, ikazimwa, haina namna ya kulia tena kwa ajili ya mama. Alijua, akapaka sabuni shavuni.

Asubuhi moja shemeji alikuwa bado kwenye foleni. Kengele ililia, mapema kidogo kuliko jana, na mwanzoni ilikatika katika kabla ya kushika mfululizo. Hilo alilikumbuka baadaye. Kwa wakati ule mkono wake ulikwenda kwenye swichi wenyewe. Alinyoa. Alipiga shati pasi, kola kwanza. Alichana nywele zilizokuwa zimebaki. Nje shuka zilikuwa zimeanikwa, alizipita akizisogeza kwa mkono ili zisimvuruge.

Mama alikuwa sakafuni.

Alikuwa amelala juu ya mkono ule uliokufa, na mkono mzima ulikuwa umenyooka juu kuelekea kitandani, kidole gumba kwenye kitufe, bado kinabonyeza. Kucha ilikuwa imepauka kwa kubonyeza. Pale dirishani, ndani ya mrija, taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka kwa uaminifu wote, imezama ndani ya jua, hata huwezi kuiona mpaka usogee karibu.

"Nimepiga," mama alinong'ona. Hakuwa analaumu. Alikuwa anaeleza, kama mtu anayeogopa kwamba amekosea namna ya kutumia kitu cha watu. "Nimepiga, mwanangu. Sijui kama nimepiga vizuri."

"Umepiga vizuri, mama."

Alimwinua. Shemeji alipoingia na mkate, alimkuta Mita amekaa kitandani, mama kamwegemea kifuani, shati lililopigwa pasi limelowa.

Hospitali walisema mkono umevunjika, ule ule usiosikia, na kwamba kwa umri wake ni bahati haikuwa nyonga. Walimfunga plasta, wakamrudisha nyumbani jioni. Mama mdogo alikuja, akalia kidogo, akaenda. Mama alipolala, Mita hakusimama mlangoni. Aliingia mpaka kwenye dirisha.

"Shemeji. Njoo uone kitu."

Alimweleza. Paa la jirani, upenyo, mrija, jicho. Hakutumia maneno ya kifundi, maana hakutaka pa kujificha. Shemeji alisikiliza mikono ikiwa imefungwa kifuani.

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Nilipokaa."

"Na dawa yake ni nini?"

Akautoa utepe mfukoni, akauweka kwenye kingo ya dirisha.

"Umeununua leo?"

"Hapana. Ulikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Mfukoni."

"Siku zote hizo? Unakunywa chai yangu, umeukalia?"

Pumzi za mama zilisikika, moja ndefu, moja fupi. Shemeji alitazama mrija, kisha akamtazama yeye, na Mita aliona kwamba anamtazama kama alivyoutazama siku ile mbele ya taa, jicho moja limefumbwa, anatafuta waya.

"Ungebisha hodi tu," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini sana. "Mlango huu tangu lini una komeo kwako?"

Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa refu kama maisha yake, na halikuwa na mahali pa kuanzia.

"Ziba," shemeji alisema.

"Nikiziba, hutaona ndani tena."

"Nimesema ziba."

Aliziba. Alizungusha utepe, akauvuta kila mzunguko ushike juu ya mwenzake, mpaka mrija ukawa mweusi kama vile vidude vya kiwandani. Akamulika kwa tochi kila upande: kimya. Akabonyeza kitufe cha mama kwa kidole chake mwenyewe, na ng'ambo ya ua, chumbani kwake, kengele ikajibu. Alipogeuka, shemeji alikuwa ameshakwenda jikoni, na maji yalikuwa yanamiminika kwenye beseni kwa nguvu kuliko vyombo vilivyohitaji.

Asubuhi zilizofuata jua lilipita dirishani bila kusema neno. Mita aliamka kabla yake, akavaa kabisa, viatu na vyote, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akiitazama kengele. Mstari wa mwanga ulipita juu ya mrija ng'ambo ile, alijua dakika yake, na kengele ilibaki bati tu ukutani. Sasa ukimya ule ulikuwa na maana. Ulimaanisha mama yuko salama, hahitaji kitu. Ilikuwa habari njema, iliyomfikia kila asubuhi bila kukosa, naye aliipokea peke yake, na kikombe chake kimoja, kisha akaenda kusoma mita za watu.

Jioni alivuka ua, akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Alijaribu kubisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi; kidole kiliinuka, kikashuka. Shemeji alijibu salamu zake akiwa ameinamia cherehani ya nyumbani. Hakuwa mkali. Alimjibu vizuri, kama unavyomjibu mtu wa maji.

Plasta ilikuwa imeanza kuchakaa siku kengele ilipolia tena, vipande vifupi viwili, kama mama anavyobonyeza. Mita alikuwa anakula. Alitupa kipande cha mkate, akakimbia, shuka zikamfunika uso, akazisukuma kando kwa mikono na kuingia.

"Nini, mama?"

"Mto."

Ulikuwa umeteleza chini ya bega. Aliunyoosha, akamweka sawa, akamfunika. Mama alimtazama kwa muda kwa lile jicho lililokuwa zima zaidi, kisha akalifumba, na mara akalala, kama mtu aliyekuwa na kazi moja tu.

Shemeji hakuwepo. Kapu la mkate halikuwa mahali pake ukutani. Mita aligeuka aondoke, ndipo alipoona meza. Mbele ya kiti kinachochechemea palikuwa na kikombe kimoja, kimefunikwa kisahani.

Alisimama akikitazama. Kisahani kilikuwa kimekaa vizuri, hakikuacha upenyo, hakuna namna ya kujua kilichomo ndani mpaka ufunue. Alikigusa pembeni kwa nyuma ya vidole, kama anavyogusa kidude anachohofia kina umeme. Kilikuwa cha moto bado.

Akavuta kiti, akaketi. Nje dirishani jua lilikuwa limefika kwenye utepe mweusi, likalala juu yake, halikupata pa kuingia.